Vyungu 41 vya Mwalimu: kisa cha funza walao mizizi

Simu ilikuja wiki ya mwisho ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshaulowesha mji. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kimara, Dar es Salaam, mteja wa kitalu changu tangu siku nilizokuwa nikiotesha miche kwenye makopo ya maziwa, alikuwa na mashaka na mipilipili yake ya kwenye ndoo. Inalala mchana, inaamka usiku. "Asubuhi imesimama kama watoto wa mstarini. Ikifika saa saba imelegea, utadhani kuna mtu kaimwagia maji ya moto. Na udongo umelowa, nimetia kidole mwenyewe."

Nikamjibu palepale, simu ikiwa begani na mikono ikiwa kwenye udongo wa mteja mwingine: maji yamezidi, Mwalimu, mizizi inaoza. Acha kumwagilia siku nne, zisogeze ndoo chini ya paa.

Ushauri huo ulikuwa mbaya, na nauweka mbele kabisa kwa sababu ndivyo kisa kilivyoanza kuharibika. Mmea ulioliwa mizizi umebakiwa na vinywa vichache mno vya kunywea. Ukiuongezea kiu, unaumaliza. Siku ya nne mipilipili miwili ilikuwa imekauka hadi ncha, na wa tatu, Mwalimu alipoushika ili auinue kidogo, ulitoka wote kwa vidole viwili. Haukubeba hata chembe ya udongo. Ulitoka kama kijiti ambacho mtoto amekichomeka uwanjani akicheza.

Nikapanda daladala siku hiyo hiyo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu msibani."

Uwanja wake ni mdogo, umezungushiwa ukuta, na hauna bustani ya chini hata hatua moja kwa sababu wote umemwagwa zege. Kila kitu kimo kwenye vyombo. Nilihesabu 41: ndoo za rangi za lita 20, mabeseni yaliyotoboka, viroba vilivyokunjwa mdomo, vyungu vya udongo viwili vitatu vya waridi, na pipa moja lililokatwa katikati lenye mlimau. Nyuma ya jiko kulikuwa na lundo la samadi lisilofunikwa, na pembeni yake banda la kuku saba wa kienyeji. Juu ya baraza, taa ndefu nyeupe ya ulinzi inayowaka usiku kucha. Vitu hivyo vitatu, lundo, taa na kuku, vyote vilikuja kuwa na sehemu yao katika kisa hiki, ingawa siku ile niliviona kama vitu vya kawaida vya uani.

Kabla ya kusema ni funza

Mmea kunyauka huku udongo ukiwa na maji ni dalili yenye wenyewe wengi, na kila mmoja ana tiba yake. Ndiyo maana sikutaka kurudia kosa la simu.

Niliuanza mpilipili wa nne, uliokuwa umelegea lakini hai. Nilikata kipande cha shina karibu na udongo, nikakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi, nikaweka dirishani kwenye mwanga. Kama ni mnyauko wa bakteria, ndani ya dakika chache huteremka uzi mweupe kutoka kwenye kidonda, kama maziwa yanayovuja ndani ya maji. Tulikaa tukaitazama glasi huku Mwalimu akinywa chai. Maji yalibaki maangavu. Kwa hiyo mnyauko wa bakteria tukauweka kando, na kwa kweli nilishukuru, maana ule ukishaingia kwenye udongo wa chombo, udongo huo hauufai tena mpilipili, nyanya wala bilinganya.

Sota, wale viwavi wa udongoni, je? Sota hukata shina usawa wa ardhi usiku, na asubuhi unakuta mche umeanguka kama ulikatwa na wembe. Hapa mashina yalikuwa mazima. Mchwa huacha vijia vya udongo na hujaza shina matope; hakuna. Minyoo fundo huacha vifundo kwenye mizizi kama shanga. Kuoza kwa mizizi kwa maji mengi, ile hukumu yangu ya haraka, kuna alama yake: mzizi unakuwa wa hudhurungi, laini, unanuka, na ukiuvuta kwa kucha ganda lake huvuka kama soksi, ukabaki uzi wa ndani.

Sasa niliutazama ule mpilipili uliong'oka kwa vidole viwili. Mizizi michache iliyobaki ilikuwa myeupe, migumu, haina harufu yoyote, ila yote ilikuwa mifupi na imekatika ghafla. Shina lenyewe, chini ya usawa wa udongo, lilikuwa limetafunwa ganda upande mmoja kama muwa uliomenywa kwa meno. Kuoza hakukati hivyo. Hayo yalikuwa meno.

Kupindua chombo

Mtu wa shamba la heka mbili hana njia ya kuona mizizi yake isipokuwa achimbe na kubahatisha. Mtu wa ndoo anaweza kuipindua. Hii ndiyo faida kubwa ya kulima kwenye chombo, na watu wengi wanaoniletea majani kwenye mfuko wa nailoni wakitaka nisome ugonjwa hawajaitumia hata mara moja. Wanaogopa kuushtua mmea. Mmea hushtuka kidogo, ndiyo, kisha husahau.

Tulizilaza ndoo ubavu, tukazigonga kwa kiganja kuzunguka, mimi nimeshika shina katikati ya vidole, mpwa wa Mwalimu anashika kitako. Ya kwanza ilitoka kama mkate kwenye sufuria, kisha ikasambaratika, kwa sababu hapakuwa na mizizi ya kuushikilia udongo. Ndani yake, theluthi ya chini, funza 7.

Nikisema funza, wasomaji wengine watafikiria wa miguuni. Hao ni wengine kabisa. Hawa ni mabuu ya mbawakawa: weupe wa maziwa, kichwa cha rangi ya kahawia, miguu sita mbele, sehemu ya nyuma imevimba na kuwa na weusi unaoonekana kupitia ngozi, na mwili wote umejikunja kama kamba aliyechemshwa. Anaanguliwa mdogo kama punje ya mchele, hujivua ngozi mara mbili, na ni katika umbo lake la tatu na la mwisho ndipo anapokula kwa fujo. Kwenye shamba la wazi funza mmoja huonja mmea huu na ule. Kwenye ndoo ya lita 20 hana pa kwenda, na mmea hauna pa kukimbilia. Wawili wanatosha kuumaliza mpilipili.

Wadudu wa namna hii wana historia ndefu hapa kwetu. Mashamba ya miwa ya Arusha Chini, kusini mwa Moshi, yalishasumbuliwa na funza wa mbawakawa mmoja aitwaye kitaalamu Cochliotis melolonthoides, na watafiti walikuwa wakimfuatilia tangu enzi za Tanganyika. Mpilipili wa Mwalimu na muwa wa kiwandani wana adui wa ukoo mmoja.

Ndoo ya pili 5, ya tatu 9. Mwalimu alikuwa akiwaokota kwa kijiko na kuwatupia kuku, na kuku walikuwa wameshaelewa kazi ilivyo. Walisimama mstari mmoja nje ya turubai. Ndipo tulipopindua kiroba cha mchaichai.

Kilikuwa na funza 4, wanene kuliko wote, mmoja mnene kama kidole gumba cha mtoto. Na mizizi ya mchaichai ilikuwa imejaa kiroba kizima, haina jeraha. Nikasimama. Nilikuwa nimeshawahesabu hao wanne kwenye orodha ya wauaji, na kama mmoja asingemdondoka Mwalimu kwenye zege ningeendelea hivyohivyo. Alipoanguka, akajigeuza chali, miguu juu, na akaanza kutembea kwa mgongo. Akaenda haraka, akijikunja na kujinyoosha, kuelekea kivulini.

Funza anayetembea chali ni wa mbawakawa wa maua, wale wanaong'aa, wenye mabaka ya njano au kahawia, wanaokuja kula chavua na matunda yaliyoiva sana. Akiwa funza, chakula chake ni samadi na majani yaliyooza. Anasaga mbolea, anaacha vinyesi vilivyo kama punje za pilipili manga, na mizizi hai haimhusu sana. Yule mlaji wa mizizi ukimweka juu ya zege hulala ubavu, amejikunja, anahangaika. Kuna na wa tatu, mkubwa kupita wote, buu la yule mbawakawa mweusi mwenye pembe anayetoboa minazi. Naye huzaliana kwenye magogo ya minazi yaliyooza na kwenye marundo ya samadi, hula vilivyooza, lakini kwa ukubwa wake akichimba ndani ya ndoo ndogo anaweza kuikata mizizi njiani tu. Huyo simwachii, hata kama si mwenye kosa; akikua ataufuata mnazi wa jirani.

Kuanzia hapo kila funza alipitishwa kwanza kwenye zege. Mwalimu aliuita mtihani wa darasa la saba.

Walitoka wapi

Vyombo vyote 41 vilipinduliwa kwa siku mbili, isipokuwa pipa la mlimau na vyungu viwili vya waridi ambavyo tulichimba pembeni kwa mkono. Nilitaka kujua mpangilio, maana kuua funza bila kujua mlango wao ni kazi ya kila vuli.

Vyombo 16 vilikuwa vimejazwa Septemba kwa samadi mpya kutoka kwenye lile lundo. Vilivyokutwa na mabuu ni 13. Kati ya hivyo, 5 vilikuwa na watembea chali peke yao, na mimea yake, mchaichai, mrehani na mingine, ilikuwa na afya kuliko yote uwanjani. Vilivyobaki 8, mipilipili sita na mibilingani miwili, vilikuwa na walaji wa mizizi.

Vyombo 25 vingine vilikuwa na udongo wa zamani uliochanganywa makumbi ya nazi yaliyosagwa. Humo nilikuta walaji wa mizizi katika vyombo 4 tu: waridi mbili, mnyanya mmoja na pipa la mlimau. Vyote vinne viko barazani, chini ya taa.

Ukubwa wao ulimaliza mjadala. Funza wa kwenye vyombo vya samadi walikuwa wakubwa, urefu wa pingili ya kidole, kila ndoo saizi moja. Hao walikuwa wameanguliwa zamani, kabla ya vuli. Waliletwa ndani ya viroba. Mwalimu alikumbuka kwamba samadi ile ililetwa Julai, na muuzaji aliikwangua zizini pamoja na udongo wa chini, ndiyo maana ilikuwa nzito vile. Lakini funza wa chini ya taa walikuwa wadogo, kama kunde. Hao ni wa juzi. Mvua za kwanza za Oktoba ziliwatoa mbawakawa ardhini, jioni wakaruka, wale wa kahawia wanaogonga taa na kuangukia kwenye mboga mezani, na majike yakatafuta udongo laini wenye unyevu karibu na pale walipoangukia. Majani ya waridi zake yalikuwa yametobolewa matundu matundu kama kitambaa cha kufuma, kazi ya usiku ya wazazi walewale. Alikuwa ameyaona tangu Oktoba, akadhani ni panzi.

Milango miwili basi, na kila mmoja na kufuli yake.

Jambo la dawa ya punje

Nilipokuwa nachekecha udongo wa ndoo ya tatu niliona punje ndogo za zambarau. Nikauliza. Mwalimu akasita kidogo, kama mwanafunzi aliyekutwa na kitu mfukoni. Wiki iliyopita, kabla ya kunipigia, alikwenda kwenye duka la pembejeo, akaeleza mimea inanyauka, akapimiwa dawa ya punje kwa kijiko kwenye kimfuko kisicho na maandishi yoyote. Ameinyunyiza kwenye ndoo nne zilizokuwa na hali mbaya zaidi.

"Na hii giligilani iliyoota kuzunguka mipilipili?"

"Nilipanga kuichuma kesho, ya kachumbari."

Hapo ndipo nilipokuwa mkali, kadiri kijana anavyoweza kuwa mkali kwa mama wa rika lake. Dawa nyingi za punje za kuua wadudu wa udongoni hunyonywa na mizizi na kupanda hadi kwenye majani na matunda. Ndivyo zilivyokusudiwa kufanya kazi. Lebo ndiyo inayosema ni kiasi gani, kwa zao lipi, na usubiri siku ngapi kabla ya kula. Kimfuko kisicho na lebo hakisemi kitu. Hesabu ya shambani, kilo ngapi kwa heka, haiwezi kugeuzwa kuwa kijiko kwa ndoo kwa kukadiria kwa jicho. Na juu ya yote, haikusaidia. Ndoo tatu kati ya zile nne ni zile ambazo mipilipili yake ilikufa, na funza wake walikuwa wazima wakitembea. Sikushangaa. Samadi nyingi huikamata dawa na kuishikilia kabla haijamfikia mdudu, na funza aliyeshanenepa huvumilia kipimo ambacho kingemuua alipokuwa mdogo.

Tukang'oa giligilani yote na mbilingani uliokuwa kwenye ndoo ya nne, ingawa ulikuwa unatoa maua na Mwalimu aliuonea huruma. Funza waliobaki kwenye ndoo hizo hawakupewa kuku tena. Waliingia kwenye kopo la maji ya sabuni. Udongo wake hatukuumwaga mtaroni. Tuliurudisha ndoo zilezile, nikazipaka alama nyekundu kwa rangi ya mafuta, na hadi leo zina maua ya kuangalia tu.

Kama kimfuko kile kingekuwa na jina, labda ningeandika tofauti. Zipo dawa zilizosajiliwa, na sina ugomvi na mkulima wa heka kumi anayezitumia kwa kufuata maandishi. Lakini kwa mtu mwenye vyombo 41 na mikono miwili, mbele ya mdudu anayeonekana kwa macho na asiyekimbia, sioni hesabu inayoleta dawa hiyo jikoni.

Tulivyotibu

Mimea iliyobaki ya kuokoa kutoka vyombo vya samadi ilikuwa minne: mipilipili mitatu na mbilingani mmoja. Tuliosha mizizi kwenye beseni la maji, polepole, hadi tukaona kila uzi, kwa sababu funza mdogo hujificha katikati ya shina na mzizi mkuu. Kisha nikakata theluthi ya juu ya matawi na kuondoa matunda yote. Mwalimu alilalamika kwamba namuua mgonjwa. Ni kinyume chake: mizizi iliyobaki ndogo haiwezi kuwanywesha majani yote yale, na kila jani lililopunguzwa ni mdomo uliopungua. Tukaipanda kwenye udongo wa zamani na makumbi, bila samadi, tukaiweka chini ya mwembe siku 10, maji kidogo kidogo asubuhi na jioni. Mipilipili miwili na mbilingani vilitoa majani mapya kabla ya Krismasi. Mpilipili wa tatu ulikufa.

Mnyanya wa barazani ulipona kwa kupinduliwa tu na kuokotewa. Funza walikuwa bado kunde.

Waridi na mlimau ndivyo vilivyotutoa jasho. Pipa la mlimau lilihitaji watu wanne kulipindua, na tulikuwa wawili na nusu. Kwa hiyo tulichimba mfereji kwa vidole kuzunguka ukingo, kina cha shubiri, mahali funza hupenda kukaa kwa sababu mizizi mingi hufuata ukuta wa chombo, tukaokota tuliowapata, kisha tukatumia mwarobaini. Mbegu zilizokauka na kumenywa, zikatwangwa, gramu 50 kwa kila lita ya maji, zikalala usiku kucha, zikachujwa kwa kitambaa. Tukamwagia kwenye udongo uliokwisha lowa, mara tatu, kila baada ya siku saba.

Kuhusu mwarobaini nina msimamo ambao haunipatii marafiki upande wowote. Unafanya kazi, ila haufanyi kazi ya kupiga na kuangusha. Unavuruga hamu ya kula na kule kujivua ngozi, kwa hiyo unamkwamisha funza mdogo ambaye bado ana ngozi za kuvua. Kwa yule mnene wa umbo la mwisho ni kama kumpa mtu mzima dawa ya mtoto. Barazani tulikuwa na wadogo, ndiyo maana ulitufaa. Ningeumwaga kwenye zile ndoo za samadi ningekuwa nauosha udongo tu.

Tuliwahi kujaribu pia kuzamisha. Chungu kimoja cha waridi kilikaa ndani ya beseni la maji hadi ukingoni tangu asubuhi hadi alasiri. Funza watatu walipanda juu, tukawachukua. Nilipochimba kesho yake, wawili wengine walikuwa chini, wamelegea, na baada ya saa moja juani walikuwa wanatembea. Mdudu wa udongoni ameshazoea mvua kubwa.

Ipo njia nyingine ambayo ningeitumia kwa moyo mmoja kama ingekuwa inauzwa pale Kimara: kuvu aitwaye Metarhizium. Huota juu ya ngozi ya mdudu, hupenya, humuua, na kumvika unga wa kijani. Jina lake kamili, Metarhizium anisopliae, linatokana na mbawakawa wa ngano, Anisoplia, ambaye mwanasayansi Ilya Mechnikov alimchunguza karibu na Odessa mwaka 1879 akitafuta namna ya kumwangamiza kwa ugonjwa wake mwenyewe. Kwa hiyo kuvu hiyo ilianza kujulikana kwa sababu ya funza wa aina hii hii. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimeifanyia kazi kwa miaka mingi dhidi ya wadudu mbalimbali wa Afrika. Dukani kwetu nilionyeshwa dawa ya mende wa kabatini.

Udongo

Kulikuwa na udongo wa ndoo nane hivi ambao si wa dawa, na hatukutaka kuutupa. Jaribio la kwanza lilikuwa la kijinga. Desemba, mvua zikija na kuondoka, nilimwambia auanike chini ya turubai jeusi. Baada ya wiki mbili nilifunua nikakuta joto la chumba na funza wawili wanaoendelea na maisha. Jeusi lenyewe linapata moto, udongo unabaki kivulini.

Januari, kiangazi kilipokaa sawa, tulianza upya. Udongo ulichekechwa kwanza kwa wavu wa kuchekechea mchanga, kuku wakiwa kazini. Ukatandazwa juu ya zege, unene wa shubiri moja usiozidi, ukanyunyiziwa maji hadi ushikane mkononi, ukafunikwa kwa nailoni angavu, kingo zote zikabanwa kwa matofali na mchanga. Jua hupita kwenye nailoni angavu, joto likanaswa ndani, na ule unyevu hulisambaza. Wiki sita. Kitu pekee kilichokuwa hai tulipofunua ni mpwa wa Mwalimu aliyetoka jasho kubeba matofali.

Lundo la samadi nalo lilipewa adabu. Lilirundikwa upya pamoja na majani mabichi na maji, likafunikwa, likageuzwa kila wiki. Lundo lililopangwa vizuri hufika nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi katikati, na funza hawezi kukaa humo. Kipimo chetu kilikuwa nondo ya chuma: ichomeke hadi katikati, iache robo saa, ivute. Kama unaweza kuishika bila kubadilisha mikono, lundo halijaiva. Kugeuza ndiko kunakosahaulika. Pembeni ni baridi, na funza huhamia pembeni.

Vuli iliyofuata

Taa ya barazani ilibadilishwa, ikawekwa ya njano hafifu, na ile nyeupe ikahamishiwa ukutani kwenye kona isiyo na chombo, chini yake beseni la maji ya sabuni. Wiki za kwanza za Oktoba beseni lilikuwa likijaa mbawakawa kila asubuhi. Waridi zilifunikwa chandarua chakavu jioni tu, kuanzia mvua ya kwanza hadi katikati ya Novemba. Ndoo zote zikainuliwa juu ya matofali, jambo ambalo nililisisitiza kwa ajili ya sisimizi na maji kutoka vizuri zaidi kuliko kwa ajili ya funza. Watu wengine hutandaza kokoto juu ya udongo wakiamini mbawakawa hatapita. Anachimba ardhi kavu ya Tanzania akitoka chini. Kokoto za shilingi elfu mbili sidhani zitamsumbua.

Desemba tulipindua vyombo vitano kwa kuchagua bila mpangilio. Tulikuta funza mlaji mizizi mmoja, mdogo, kwenye ndoo iliyo karibu zaidi na beseni la taa. Watembea chali walikuwa wengi kwenye mchaichai, na Mwalimu aliwarudisha kwa mkono wake.

Samadi bado ananunua kwa muuzaji yuleyule, ila utaratibu umebadilika. Kiroba hakilipiwi mlangoni. Kinamwagwa chote kwenye turubai, banda linafunguliwa, na kuku wanaingia. Mara ya kwanza muuzaji alicheka, akakaa kwenye tofali akisubiri. Kuku walichakura kama dakika kumi, wakameza wanachokimeza, na Mwalimu akahesabu kila mmezo kwa sauti. Walipofika 14 alimrudishia kiroba.

"Mama, si na wao wameshiba bure?"

"Hiyo ni ada ya mtihani, baba. Kalete kingine, ukikwangue juu juu."